Marupurupu yamekatwa, kazi ipo palepale: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mfanyakazi wa sekta binafsi Tanzania Bara aliyeambiwa kwamba basi la wafanyakazi halipo tena, chakula cha mchana kimefutwa, bima ya familia imebaki ya mtu mmoja, au bonasi ya Desemba mwaka huu haipo, na kesho asubuhi anatakiwa getini kama kawaida. Nimekuwa msimamizi wa ghala kwa miaka tisa, na minne kati ya hiyo nimekuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi. Maswali haya nimeulizwa kwenye foleni ya kusaini, ndani ya daladala, na kwa ujumbe wa simu saa sita usiku. Nimejibu kama ninavyomjibu mdogo wangu.

Nimeumia sana. Ina maana sina moyo wa kazi?

Hapana. Asiyeijali kazi yake haumii, anasubiri tarehe ya mshahara tu. Mtu anayetoka Mbagala kwenda Barabara ya Pugu anapanda daladala mbili asubuhi na mbili jioni. Zidisha kwa siku ishirini na sita uone. Hiyo ni unga, ni mafuta ya kula, ni hela ya tuisheni ya mtoto. Basi likiondolewa umekatwa mshahara, hata kama kwenye karatasi mshahara ni uleule. Usijilazimishe kucheka, na usikubali mtu akuambie huna shukrani.

Cha kuangalia ni hasira unaielekeza wapi. Ukiiandika kwenye barua yenye tarehe na saini, itakusaidia. Ukiimwagia mzigo wa mteja au kijana aliye chini yako, utaumiza watu ambao hawakukukata hata senti.

Siku tangazo linapobandikwa, nianzie wapi?

Anzia nyumbani, kwenye bahasha ya mkataba wako. Wengi wetu tuliusaini tukafungia kabatini na hatujaufungua tangu siku ile.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi maelezo ya ajira yako: kazi unayofanya, mahali, saa, mshahara na namna unavyokokotolewa, pamoja na marupurupu na malipo yasiyo ya fedha taslimu. Kifungu hichohicho kinasema jambo lolote kati ya hayo likibadilika, mwajiri ashauriane na mfanyakazi, arekebishe maelezo hayo, kisha amjulishe kwa maandishi. Zingatia neno kushauriana. Karatasi iliyobandikwa ubaoni usiku, watu wakaikuta asubuhi, haijamshauri mtu.

Kwa hiyo soma mkataba ukiwa na swali moja: hiki kilichokatwa kimeandikwa humu, au kilikuwa hisani? Posho ya nyumba iliyoandikwa kwenye mkataba ni jambo moja. Mchele wa Krismasi ambao mwenye kampuni alikuwa anagawa kwa mapenzi yake ni jambo lingine. Katikati kuna vile ambavyo havikuandikwa lakini vimetolewa kila mwezi kwa miaka mingi. Hivyo usivikatie tamaa, peleka ushahidi kwa chama au kwa mwanasheria akuangalizie.

Ushahidi ni mkataba, salari slipu za miezi sita iliyopita, memo yoyote ya zamani inayotaja stahiki hiyo, na picha ya tangazo lenyewe ikionyesha tarehe. Weka vyote pamoja wiki hiyohiyo. Mgogoro ukifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, muda wa kuupeleka ni siku 60 tangu ulipoanza, na siku 30 tu kama umeachishwa kazi. Nimeona watu wenye madai ya kweli kabisa wakipata shida kwa sababu walisema "tuone mwezi ujao" mara tatu mfululizo.

Unajiuliza haya yanahusianaje na moyo wa kazi. Kwangu mimi ndiyo mzizi wake. Mtu asiyejua haki yake inaishia wapi huona kila kitu ni dhuluma, au huvumilia kila kitu, na kwa vyovyote anaingia kazini akiwa na kinyongo. Aliyekwisha kujua, na barua yake iko mezani kwa mwajiri, anaweza kushika kazi yake kwa utulivu.

Kuna vitu ambavyo mwajiri hawezi kukata kabisa?

Vipo, na hali ngumu ya biashara haivigusi. Likizo ya mwaka ni siku 28. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 kwa mama aliyejifungua mapacha. Baba ana siku 3. Kazi ya kawaida haizidi saa 45 kwa wiki, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu.

Kwa anayechangia NSSF, mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kukukata zaidi ya nusu yake. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ni wa mwajiri peke yake. Ukiona umekatwa WCF kwenye salari slipu, uliza siku hiyohiyo. Na ukiambiwa "michango ya NSSF tumeisimamisha kidogo," jua kwamba hapo hakuna rupurupu lililopunguzwa. Hiyo ni akiba yako ya uzee inayoliwa. Nenda ofisi ya NSSF ukaombe taarifa ya michango yako hata kama hujaambiwa lolote.

Wenzangu wanataka tufanye mgomo baridi. Nikikataa nitaonekana msaliti.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimeshaufanya.

Mgomo baridi unaujua: watu wote wamekuja, vidole vimewekwa kwenye mashine, kazi haitembei. Mwaka wa tatu wa kazi yangu, kampuni niliyokuwa nayo ilifuta basi na chai ya saa nne kwa tangazo moja. Hatukuandika barua, hatukuitisha kikao. Tulisusa tu. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu katoni zikipanda gari, kuzilinganisha na delivari noti, kisha kuhesabu mara ya pili kabla turubai halijafungwa. Ile hesabu ya pili nikaiacha. Nilijiambia: kama wao wameniondolea chai, na mimi nawaondolea macho.

Wiki ya tatu, katoni arobaini za sabuni za Dodoma zikapanda gari la Morogoro. Mteja wa Dodoma alipiga simu akiwa amekasirika, na ofisi ikataka mtu. Aliyepatikana ni kijana wa kibarua aliyepakia, kwa kuwa jina lake ndilo lilikuwa kwenye karatasi ya zamu. Aliambiwa asije kesho. Uongozi ulikuwa haujui hata kwamba sisi tumegoma. Walijua tu kwamba ghala lina uzembe.

Kesho yake niliingia ofisini nikasema kosa ni langu. Nikapewa onyo la maandishi. Kijana alirudishwa baada ya siku nne, na kwa kibarua siku ambayo hakuja ni siku ambayo hakulipwa. Nilimpa fedha za siku zile kutoka mfukoni kwangu. Mama yake alikuwa anamtegemea yeye kwa kodi ya chumba.

Kuna na upande wa sheria. Tafsiri ya mgomo katika sheria ile ya 2004 inajumuisha kusimamisha kazi kwa ujumla au kwa sehemu ili kumshinikiza mwajiri. Kwa hiyo kulegeza kazi kwa makubaliano ya kichinichini kunaweza kuhesabiwa kuwa mgomo, tena usiofuata utaratibu. Mgomo halali una njia yake: mgogoro upitie usuluhishi, kura ipigwe, na notisi ya saa 48 itolewe kwa mwajiri. Ukifuata njia hiyo sheria inakulinda. Ukijificha kwenye mgomo baridi, huna ulinzi wala hoja, maana hakuna aliyesikia unadai nini.

Kwa wenzako sema wazi: "Niko nanyi kwenye kudai, tuandike barua leo na jina langu liwe la kwanza. Lakini mzigo wa mteja siuharibu." Anayeweka jina lake la kwanza kwenye barua haitwi msaliti.

Basi nijitume kama zamani, kana kwamba hakuna kilichotokea?

Si lazima, na sitakudanganya kwamba ni lazima. Tenganisha kazi uliyoajiriwa kufanya na ile uliyokuwa unaongeza kwa mapenzi. Ya kwanza ifanye vizuri kama siku zote, kwa kuwa mikono ni yako na jina ni lako. Ya pili una haki ya kuipima upya. Kama ulikuwa unakuja Jumamosi bila malipo kwa sababu kampuni ilikuwa inakujali, unaweza kusema kwa heshima kwamba Jumamosi hii hutaweza. Saa za ziada zenyewe sheria inataka ziwe za makubaliano, na zisizidi 50 katika wiki nne.

Ila kitu kimoja usikipunguze: kumfundisha mgeni. Kijana aliyeajiriwa mwezi uliopita hajawahi hata kulipanda hilo basi lililofutwa. Ukimnyima ujuzi unamwadhibu kwa jambo lisilomhusu.

Nimwambieje bosi bila kuonekana mkorofi?

Omba nafasi, usimvizie kwenye korido. Kama ni mtu mzima msalimie kama unavyomsalimia mtu mzima, shikamoo haipunguzi nguvu ya hoja. Kisha uliza mambo matatu: sababu ni nini, hali hii ni mpaka lini, na mambo yakikaa sawa kipi kitarudi kwanza. Swali la pili ndilo gumu kwao. "Mpaka hapo mtakapotangaziwa" ni jibu ambalo usiondoke nalo. Omba angalau tarehe ya kukaa tena.

Barua fupi inatosha: "Kutokana na tangazo la tarehe fulani la kusitisha usafiri, naomba ufafanuzi kama mabadiliko haya yanagusa maelezo ya ajira yangu, na naomba tushauriane kabla hayajaanza kutekelezwa. Naendelea na majukumu yangu kama kawaida." Sentensi ya mwisho usiiache. Itakulinda siku mtu atakaposema kwamba uligoma.

Halafu nenda na kitu cha kuomba ambacho hakiwagharimu sana. Sisi tuliomba muda wa kuingia usogezwe kutoka saa 1:00 hadi saa 1:30, kwa kuwa nusu saa ile ndiyo iliyokuwa inawafanya akina mama watoke nyumbani gizani na kupanda bodaboda hadi kituoni. Ilikubaliwa ndani ya siku mbili. Basi halikurudi, lakini bodaboda ya alfajiri iliondoka kwenye bajeti za watu.

Bima ya familia imeondolewa na nina mtoto anayeugua mara kwa mara. Akili haiko kazini kabisa.

Pole sana, dada yangu au kaka yangu. Hili ndilo kato linalouma kuliko yote, maana chai unaweza kunywa nyumbani, lakini homa ya mtoto haisubiri bajeti ya kampuni.

Uliza kwanza kadi zinaisha lini hasa. Tangazo likisema "kuanzia mwezi ujao," mara nyingi mkataba kati ya kampuni na watu wa bima una tarehe yake mwenyewe, na kliniki ya mtoto mnaweza kuiwahi kabla ya hapo. Pili, omba mchangie wenyewe sehemu ya wategemezi kupitia mshahara huku mkibaki kwenye bima ya kundi ya kampuni. Makato ya aina hiyo yanahitaji ridhaa yako ya maandishi, na soma kiasi kabla hujasaini. Tatu, mwambie msimamizi wako hali ya nyumbani. Simaanishi kila kitu, mwambie tu kwamba kuna mtoto mgonjwa na simu inaweza kuita. Msimamizi asiyejua atadhani umekuwa mvivu.

Tawini kwetu tulianzisha kikoba cha dharura ya matibabu, shilingi elfu tano kila mshahara, daftari linakaa kwa mweka hazina na funguo ya sanduku inakaa kwa mtu mwingine. Hakifiki kuwa bima. Kinatosha kumpokea mtu dirishani hospitali usiku mpaka ndugu wafike.

Kwenye kikundi cha WhatsApp watu wanatukana uongozi kutwa. Nijitoe?

Baki kwa ajili ya taarifa, usiandike humo usichoweza kukisema kwenye kikao. Ujumbe unapigwa picha na kufika ofisini kabla hujaweka simu mfukoni. Nimesimama na wanachama kwenye vikao vya nidhamu kwa ajili ya sentensi moja waliyoiandika wakiwa kwenye foleni ya Tazara wamechoka.

Mimi ni supavaiza. Sikukata mimi, lakini ndiye natakiwa kuwatuliza watu.

Usiwatulize. Waambie ukweli.

Mtafiti wa Marekani, Jerald Greenberg, alichapisha mwaka 1990 utafiti wa viwanda vya kampuni moja vilivyopunguza mishahara kwa asilimia 15 kwa wiki kumi. Katika kiwanda kimoja uongozi ulikaa na wafanyakazi, ukaeleza sababu kwa kina, ukajibu maswali na kuonyesha kusikitika. Katika kingine waliambiwa kwa kifupi tu na kikao kikafungwa. Makato yalikuwa yaleyale. Wizi ndani ya kiwanda uliongezeka kote, lakini kule walikoambiwa kwa kifupi uliongezeka zaidi kwa wazi. Mishahara iliporudishwa, wizi ukapungua.

Nimelisoma jambo hilo nikiwa tayari nimeliona kwa macho. Watu wazima wanaweza kubeba habari mbaya. Wasichoweza kubeba ni kubandikiwa karatasi kama watoto wa shule. Kama hujui sababu, panda ofisini ukaulize kabla hujasimama mbele ya zamu yako. Na kama marupurupu yako wewe hayajaguswa, usiwaambie "tuvumilie sote." Wanajua.

Bosi kakata chai yetu, wiki ileile kaja na gari jipya.

Inauma, na sitakuambia ufumbe macho. Lakini swali lako lipitishe kwenye mlango wenye jibu. Chama kinachotambuliwa mahali pa kazi, kikiwa kwenye majadiliano na mwajiri, kina haki ya kupewa taarifa zinazohusiana na jambo linalojadiliwa. Ikifika hatua ya kupunguza wafanyakazi, kifungu cha 38 cha sheria ile ya 2004 kinamtaka mwajiri atoe notisi, aeleze sababu na ashauriane kabla ya kumwondoa mtu. Matumizi ya kampuni yaulizwe hapo, kwa kumbukumbu za kikao. Ukiliuliza gari kwenye kibanda cha mama lishe, utapata jibu la mama lishe.

Niko Zanzibar, au Kenya. Haya yananihusu?

Ya moyo, ndiyo. Ya sheria, angalia yako. Zanzibar ina Sheria ya Ajira ya mwaka 2005 na mfuko wake wa ZSSF. Kenya ina Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, na kifungu chake cha 10 nacho kinamtaka mwajiri ashauriane na mfanyakazi anapobadilisha masharti, kisha amjulishe kwa maandishi.

Je, niache kazi?

Pengine ndiyo, lakini usiache Jumatatu ile ya tangazo. Tafuta kazi ukiwa kazini, na ukiondoka toa notisi kama mkataba unavyosema. Ajira ikiisha mwajiri anatakiwa akupe cheti cha utumishi, kidai. Kama hali imefanywa isivumilike kwa makusudi ili uondoke mwenyewe, sheria inaweza kulihesabu hilo kuwa umeachishwa, ila usiandike barua ya kuacha kabla ya kuongea na chama au mwanasheria.

Miezi ya mwisho fanya kazi hata vizuri zaidi. Ghala la Barabara ya Pugu na ghala la Buguruni wanapigiana simu. Mtu wa huko ataniuliza mimi, "Huyu vipi?" na mimi sitaulizwa kama chai ilikuwepo.

Nyinyi, chai yenu iliishia wapi?

Vikombe vyetu vilikaa kwenye rafu karibu na mlango wa mzigo, kila kimoja kina jina limeandikwa kwa maka pen. Baada ya lile tangazo hakuna aliyekichukua chake. Vilikaa pale kama mwezi mzima, vikashika vumbi la unga wa maboksi, na kila tukipita tulikuwa tunaviangalia.

Baada ya ile shida ya katoni za Dodoma tulikaa kikao cha kwanza cha kweli. Ndiyo siku tuliyoandika barua. Siku hiyohiyo mama mmoja wa upande wa vifungashio akasema, "Jamani, mia tano mia tano haitatuua," akapitisha kofia. Alhamisi chupa mbili za chai ya tangawizi zililetwa na mama lishe wa nje, pamoja na maandazi ndani ya ndoo nyeupe. Watu walivichukua vikombe wakavisuuza bombani. Cha yule kijana wa kibarua hakikuwepo, kwa sababu vibarua hawakuwahi kupewa chai ya kampuni. Aliandikiwa jina lake siku hiyo.

Kampuni ilirudisha chai mwaka uliofuata. Mia tano tuliendelea kuchanga, ikahamia kwenye kikoba.